Salamu Ndefu Juu ya Sakafu ya Kubandika

Nimeaibika leo. Sio ile aibu ndogo ya kusahau jina la mtu mlangoni mwa kanisa. Hii ni aibu ya magoti, mchana kweupe, mbele ya mama mzazi na mbele ya mnunuzi wa nyumba. Nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifuniko, magoti yote mawili yamefungwa bendeji. (Someni mpaka mwisho ndipo mcheke. Au msicheke kabisa. Mimi ni mwalimu, nina heshima yangu. Nilikuwa nayo mpaka asubuhi.)

Wengi wenu mnaijua nyumba yetu ya Nshambya. Aliijenga Tata, baba yetu, chumba kimoja kimoja, kila kahawa ikiuzika. Tangu afariki, Ma anaishi kwangu Bakoba, hapa hapa Bukoba mjini, na hapendi. Ananipenda mimi, ila hapendi chumba kisicho na migomba dirishani. Ana kibanja chake kule Kimwani, Muleba, na kila asubuhi anakiulizia kama mtu anayeuliza habari za mtoto aliye bwenini. "Sijui ndizi zangu zimepaliliwa? Sijui kahawa imeiva?" Shida ni kwamba nyumba ya Kimwani ilianguka paa, kisha kuta zikafuata. Kwa hiyo tukakubaliana, mimi na kaka yangu Projestus: tunaikarabati nyumba ya Nshambya, tunaiuza, Ma anajengewa Kimwani kabla hajachoka kusubiri. Na Ma ana miaka sabini na sita. Mambo ya kusubiri hayamfai.

Kaka akachukua bati na rangi. Mimi nikapewa sakafu. (Nilijipa.)

Sasa sakafu ile ilikuwa ya saruji iliyopigwa niru nyekundu, ya tangu sisi wadogo, ina nyufa tatu na imefifia katikati. Kaka akasema tuweke marumaru. Alisema mnunuzi wa Bukoba akiingia ndani anaangalia chini kwanza, halafu anagonga kwa kisigino asikie kama kuna uwazi. Fundi wetu, Jasson, akasema tusiweke chochote. "Dada mwalimu, zibeni nyufa, tuirudishie rangi, tupake nta. Hii sakafu ina nguvu kuliko mimi."

Nikawaangalia wote wawili kwa huruma. Kwa sababu mimi nilikuwa nimesoma.

Mnatujua sisi Wahaya. Mtu akisoma kurasa mbili anataka aitwe profesa, na mimi nilikuwa na siku tatu nzima kwenye simu. Nilikuwa nimeangalia video za watu wanaokarabati nyumba na kuziuza, watu wa nchi za mbali, wenye vyumba vyeupe na mbwa mmoja safi anayelala katikati ya sebule. Wote wanabandika zile mbao za plastiki. Sio mbao, ni plastiki iliyochapwa sura ya mbao, inakuja vipande vipande virefu, unapaka gundi, unabandika, unaondoka. Siku moja sebule imeisha. Mnunuzi anaingia anadhani ameingia hotelini.

"Na hii nyekundu," nikasema, nikiigonga kwa ncha ya kiatu, "mtu akiiona anadhani amekuja kuchomwa sindano. Ni sakafu ya zahanati."

Ma alikuwa amekaa pale pale. Aliendelea kumenya ndizi zake, ila ganda moja lilitoka nene sana. Ningekuwa na akili ningeona.

Jasson akajaribu mara ya mwisho. Alichukua kopo la gundi akalisogeza karibu na macho. "Gundi hii inataka ukavu, dada. Sakafu hii asubuhi inatoa jasho. Na huu ni mwezi wa kumi na moja."

Mimi nikamwambia, na naomba mnisamehe, nikamwambia, "Jasson, mimi nafundisha Jiografia. Mvua naijua."

Jasson alibandika, sebule na vyumba vitatu. Alimaliza juzi Alhamisi mchana, na kusema kweli sebule ilipendeza. Ilikuwa na rangi ya asali. Hata Kaka alisifu, na Kaka hasifu ovyo. Jasson akatuambia asikanyage mtu mpaka Jumatatu. Hapakuwa na tabu, kwa sababu mnunuzi, Mzee Kyaruzi, alikuwa aje Jumanne. Huyu ni mstaafu, amekaa Dar miaka mingi, sasa anataka kurudi kuishi nyumbani. Tena alisoma darasa moja na marehemu Tata. Ma alikuwa ameshaanza kumwombea.

Jana jioni Kaka akapiga simu. Mzee Kyaruzi ameitwa Dar na binti yake, anaondoka kesho Jumapili. Anakuja kuona nyumba leo, saa nne asubuhi. Asipoiona leo, ana nyumba nyingine ya kuangalia akirudi.

Nikasema hakuna shida.

Leo saa mbili nimefika Nshambya. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ile mvua yetu isiyo na haraka. Nafungua mlango wa sebule, nakuta pale pale karibu na mlango mbao sita zimeinua pembe juu kama wanafunzi wanaojua jibu. Nikazikanyaga. Zikalala. Nikaondoa mguu. Zikainuka.

Nikampigia Jasson.

"Usiguse," akasema. "Fungua madirisha, weka mawe juu yake, subiri. Na dada, tafadhali, usiongeze gundi. Unasikia? Usiongeze gundi."

"Nimesikia."

Niliongeza gundi. Lilikuwepo kopo la Jasson, zaidi ya nusu, na mimi nikawaza kama mtu mzima: kidogo imeshindwa kushika, basi nyingi itashika. (Nafundisha watoto wa watu.) Nikamimina chini ya zile mbao sita, zote, mpaka kopo likatoa hewa. Nikaweka mawe. Baada ya nusu saa nikaondoa mawe, kwa sababu huwezi kumpokea mnunuzi na mawe sebuleni. Mbao zililala. Nikapangusa kwa kitambaa, zikang'aa. Nikapiga na picha.

Saa tatu na nusu Ma akafika na Kaka kwa bajaji. Ma amebeba bakuli la senene waliokaangwa, wale panzi wetu wa msimu, limefunikwa kitambaa, na kopo la kahawa ya kutafuna. Amevaa gomesi lake la sherehe. Aliingia ndani, akasimama katikati ya sebule, akaangalia chini muda mrefu. Halafu akasema, "Haya." Tu.

Kisha akaniangalia mimi, kuanzia kichwani mpaka kwenye gauni langu jipya la kitenge. (Jipya kabisa. Lilitoka kwa fundi juzi. Naomba tulikumbuke kwa heshima.)

"Adelina," akasema. "Lile goti lako la mjini leo uliache Bakoba."

Niwaeleze, kwa wasiojua. Kwetu mwanamke anamsalimia mzee akiwa amepiga magoti. Sisi wa mjini tumebuni letu: unakunja goti moja kidogo, unainama kama mtu aliyedondosha sindano, unainuka, umemaliza. Wazee wanalijua na hawalipendi.

"Mzee Kyaruzi ni rafiki wa Tata yako," Ma akaendelea. "Utapiga yote mawili. Mpaka chini. Na usiinuke kabla hajakwambia."

Nikasema sawa, Ma.

Saa nne kamili Mzee Kyaruzi akafika. Mrefu, mwembamba, koti jeusi, mwavuli, na buti za mvua. Alivua buti mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi. Nikaomba kimoyomoyo, kwa sababu mbao sita zilikuwa pale pale anapopita. Lakini ana miguu mirefu, Mungu amjalie. Alipiga hatua moja, akazivuka zote, akaenda kukaa kwenye kiti ukutani, upande ambao gundi ya Jasson ilikuwa imekauka kwa amani.

Akaangalia chini. Akabonyeza kwa kidole gumba cha mguu.

"Ni mbao?" akauliza.

"Mbao, waitu," nikajibu, kwa lile neno letu la heshima. Kaka akakohoa. Ma akaangalia dirishani.

Basi ikafika zamu ya salamu. Kupiga magoti hakufanyiki puani pa mtu. Unarudi nyuma, unaacha nafasi, unajishusha kwa heshima. Na sebule ile ni ndogo. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakusanya gauni, nikashuka. Yote mawili. Mpaka chini.

Nikasikia ubaridi magotini. Nikadhani ni unyevu.

Nikamsalimia kwa Kihaya safi, macho chini, sauti ya taratibu. Nikamwona Ma kwa pembeni, uso umefunguka. Mzee Kyaruzi akaitikia. Na huyu ni mzee wa zamani, kwake salamu sio neno, ni safari. Umelalaje. Watoto wamelalaje. Bwana yuko wapi. Unafundisha wapi, unafundisha nini, watoto wa siku hizi wanasikia? Huyo mume ni wa ukoo gani? Babu yake si yule aliyekuwa na baiskeli ya kwanza? Nikajibu yote. Magoti yakaanza kuwa na joto, kisha yakawa kama yanavutwa kwa upole.

Mwishowe akasema, "Haya, mwanangu. Inuka."

Nikasema asante, waitu. Nikainuka.

Sikuinuka.

Nikajaribu tena, kidogo, asione mtu. Gauni likakaza. Nikavuta goti la kulia. Chini yangu mbao ikasema *nyaaa*, kwa sauti ndogo, kama paka anayeamshwa. Ndipo nikaelewa. Uzito wangu (hatuutaji) ulikuwa umeibonyeza ile gundi yote, ikapanda kwenye maungio, ikalowesha kitenge, ikafika kwenye ngozi. Na huku juu ikakutana na joto la mwili na ikapata ukavu wote ambao Jasson alikuwa anautafuta.

Nikapiga hesabu haraka. Nikiinuka, sakafu inainuka. Sakafu ikiinuka, mzee anaondoka. Mzee akiondoka, Ma anabaki kwenye kile chumba cha kwangu Bakoba anaulizia ndizi.

Basi nikaendelea kusalimia.

"Na nyumbani kwako, waitu, hawajambo?"

Mzee aliyekuwa ameshageukia mambo ya nyumba akanirudia. "Hawajambo, mwanangu. Inuka, kaa."

"Na watoto?"

"Wazima. Inuka."

"Na wajukuu?"

"Wote wazima."

"Na ng'ombe, waitu, hawajambo?"

Akafikiri. "Sina ng'ombe."

"Na wale wa jirani?"

Kaka akanitazama kwa namna mtu anavyomtazama ndugu anayeanza homa. Mimi nikatabasamu. Kwa chini nilikuwa nazungusha goti la kushoto taratibu, mpola mpola, nikidhani nitalichomoa kama kizibo. Lilikuwa linazidi kuzama.

"Na senene, waitu?" nikasema. "Mwaka huu wameangukaje kwenu?"

Hapo nilipatia. Uso wa mzee ukawaka. Alinipa senene wa mwaka huu, na wa mwaka jana, na wa utotoni kwake, walipokuwa wanaanguka mpaka watu wanafunga shule. Alinieleza mabawa, alinieleza taa. Mimi nikawa naitikia, "Ee, waitu. Mawe! Kumbe, waitu." (Hilo "mawe" ni mshangao wa Kihaya, sio yale niliyoyaondoa sakafuni.) Ma akamfunulia bakuli, mzee akatwaa wachache, akatafuna, akaendelea. Dakika kumi zilipita. Miguu ilikufa ganzi, nikaacha kujua ipi ni mbao na ipi ni mimi.

Halafu mzee akaacha kutafuna. Akaniangalia pale chini. Na macho yake, jamani, yakalengwa na machozi.

"Bibi," akamwambia Ma, "umelea. Nimekaa Dar miaka yote. Mabinti zangu wananisalimia kwa ujumbe wa simu. Tena herufi mbili. Huyu ana kazi yake, ana elimu yake, amekaa chini muda wote huu ananiuliza habari za ng'ombe nisio nao!" Akamgeukia Kaka. "Nyumba iliyolea adabu ya namna hii sina haja ya kuona vyumba. Naichukua."

Ma akaweka mkono kifuani. Kaka akanikonyeza. Nilimshukuru Mungu, na ninakiri mbele yenu kwamba niliishukuru na gundi.

Ningeomba hadithi iishie hapa.

Mzee Kyaruzi akasimama. "Njoo, mwanangu. Heshima kama hii nitakuinua kwa mikono yangu mwenyewe."

"Hapana, waitu!"

"Njoo."

"Hapa panatosha, waitu. Nimezoea."

"Ana aibu tu," Kaka akasema kwa furaha, naye akaja. (Kaka yangu. Damu moja.) Mzee akanishika mkono wa kulia, Kaka akanishika wa kushoto. Nikamwangalia Kaka machoni, nikatikisa kichwa, nikamwambia kwa midomo, *acha, acha, acha*. Akadhani naomba msaada. Wakavuta. Sikuja.

"Mbona mzito?" mzee akashangaa.

"Moja, mbili," Kaka akasema, "tatu!"

*Kwaraaap!*

Niliinuka. Nikainuka na sebule. Mbao mbili kwenye kila goti, nyingine mbili zimeshika gauni kwa nyuma, zote ndefu, zote za rangi ya asali. Mzee akaniachia, nikayumba, nikageuka nijishike ukuta, na mbao za nyuma zikageuka na mimi. Zikalipata bakuli. Senene waliokaangwa wakaruka kwa mara ya pili katika maisha yao. Wengine walitua kwenye koti la mzee. Mmoja alikaa kwenye mwavuli.

Mvua tu juu ya bati.

Nilisimama pale nimetanua miguu kama golikipa, gauni limepanda mpaka pasipostahili, nyuzi za gundi zinaning'inia. Mzee Kyaruzi aliangalia mbao. Akaangalia magoti. Akaangalia shimo kubwa lililoachwa sakafuni. Mkiona mtu anarudisha nyuma fikra zake, anapitia salamu moja moja, wajukuu, ng'ombe wa jirani, mpaka senene, mnaona kabisa usoni.

"Kumbe haikuwa adabu," akasema taratibu. "Ilikuwa gundi."

Kaka alicheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Ma alijifunika uso kwa mikono, na mimi nikadhani analia, basi na mimi nikaanza kulia. Nililia kweli. Magoti yalikuwa yanawaka moto lakini sikulilia magoti. Niliona mama yangu anarudi Bakoba, anakaa dirishani anaangalia ukuta wa jirani, kwa sababu mimi niliangalia video ya mbwa.

"Waitu, nimekudanganya," nikasema. "Sio mbao. Ni plastiki. Na salamu, baada ya wajukuu, zote zilikuwa za kushikwa. Tulitaka tu nyumba ipendeze iuzike, Ma akajengewe Kimwani. Fundi alinikataza. Ni mimi."

Mzee aliinama pale kwenye shimo, mkono mmoja kiunoni, akatoa leso yake akafuta. Akafuta tena. Ile nyekundu ikatokea.

"Hii nani aliipiga?" akauliza.

Ma akatoa mikono usoni. Kumbe na yeye alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka. "Marehemu mwenyewe," akasema. "Na nta nilikuwa napaka mimi, kila Jumamosi. Watoto wanakanyaga kipande cha blanketi, wanateleza huku na huku mpaka inang'aa. Huyu huyu mwalimu ndiye alikuwa anateleza kuliko wote."

Mzee akapapasa ufa kwa kidole. "Binti yangu kule Dar ameniwekea marumaru nyumba nzima. Nimeshaanguka mara mbili. Sasa bafuni naingia nimeshika ukuta kama mwizi. Nimekuja nyumbani kutafuta sakafu ya kukanyaga bila kusali kwanza." Akainua kichwa. "Mlikuwa nayo. Mkaificha ya nini?"

Wote wakanigeukia. Mpaka Kaka, pale chini alipokaa.

"Nilisoma, waitu," nikasema.

"Ulisoma wapi?"

"Mtandaoni."

"Huko mtandaoni mvua inanyesha?"

"Hapana, waitu."

"Na unafundisha somo gani ulisema?"

Kaka akamjibu. (Hakuombwa.)

Mzee Kyaruzi akajikung'uta senene, mmoja akamtia mdomoni, maana hawatupwi. Akamwendea Ma akampa mkono. Alisema nyumba anaichukua vile vile, lakini akirudi kutoka Dar mwisho wa wiki ijayo asikute hata kipande kimoja cha hiyo plastiki. Nyufa zizibwe, nta ipakwe. "Na wa kubandua," akasema, akaninyooshea mwavuli, "ni huyu. Sio fundi. Fundi alikuwa na akili zake."

"Kasinge, waitu," Ma akamshukuru. "Kasinge." Na akacheka tena, kwa sauti, akijishika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Tata. Nilisimama na mbao zangu nikamsikiliza tu. Kwa kicheko kile ningepiga magoti tena.

(Hapana. Nisingepiga.)

Mzee alipoondoka, Kaka alileta mkasi na mafuta ya taa. Kitenge kimekatwa mviringo kwenye magoti yote mawili. Ukikiona utadhani ni mtindo. Ngozi sitaieleza, watu wanakula. Ma alinisafisha mwenyewe, akanifunga bendeji, taratibu, akipuliza kama nikiwa mdogo. Nilidhani amenisamehe.

"Ulisema zahanati," akaniambia, akikaza fundo. "Zahanati mgonjwa akiambiwa inuka, anainuka."

Tangu saa sita nabandua. Zile sita zilitoka bure, kwa magoti yangu. Nyingine zote, ambazo mvua ilikuwa izichukue kwa hiari yake, leo zimegoma. Sebule na vyumba vitatu, kwa kisu cha jikoni na kikombe cha mafuta ya taa. Jasson amefika. Amekaa mlangoni na kopo la Ma, anatafuna kahawa, anaangalia mvua, halafu ananiangalia mimi, halafu mvua.

Na Ma amemwomba Kaka karatasi. Wamekaa jikoni wanachora. Namsikia anasema chumba chake kiangalie migomba, mlango wa nyuma uwe mpana apite na kapu la kahawa, na jiko liwe na dirisha. Anachora na kuta ambazo hazijajengwa kama anazigusa.

Naombeni msicheke. Najua mtacheka, basi angalau msisambaze. Wanafunzi wa kidato cha tatu wana simu.

Nimemuuliza Ma sasa hivi, kwa sauti ya chini, hiyo nyumba ya Kimwani anataka sakafu gani. Amesema hilo wataongea yeye na Jasson. Mimi nimepewa mapazia. Nimeambiwa nichague rangi tu, kutundika atatundika mtu mwingine.